Fundi hapatikani? Namna ya kumpima, kumgawia kazi na kukuza wengine ndani ya saiti yako

Vibarua hawajaadimika. Pita kijiwe chochote saa kumi na mbili asubuhi utawakuta wamekaa na makoleo yao. Aliyeadimika ni mtu wa kusimamisha kona ikawa wima, wa kupiga plasta rula isichezecheze juu yake, wa kusuka nondo za bimu bila kuelekezwa kila ringi (pete ya nondo inayozifunga pamoja), na wa kuunga bomba lisilovuja baada ya vigae kuwekwa. Mwongozo huu ni wa mkandarasi mdogo, msimamizi wa saiti, au mwenye nyumba anayejisimamia mwenyewe, hasa wa Tanzania.

Watu hao wamevutwa na miradi mikubwa: reli ya SGR, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, Daraja la Kigongo–Busisi, Mji wa Serikali Mtumba, bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga, viwanja vya AFCON 2027. Msuka nondo aliyezoea mkataba na siku ya mshahara inayojulikana harudi kirahisi kwenye kazi ya "nitakuona kesho". Huku chini nako, kijana ambaye zamani angebeba zege huku akimtazama fundi anavyofanya, leo ana pikipiki. Bodaboda inampa hela jioni hiyo hiyo. Ufundi unamtaka avumilie miaka. Njia ya kujifunza kwa kumfuata fundi imekonda, na vyuo peke yake havijazi pengo.

Kwa hiyo usipange kazi kana kwamba utapata mafundi wanne wazuri. Panga kana kwamba utapata mmoja, kisha muondolee kila kazi ambayo mwingine anaweza kuifanya.

Anza na hesabu ya siku-fundi

Siku-fundi ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Bila hesabu hii utatafuta mtu wa aina moja wakati anayekwamisha kazi ni wa aina nyingine.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 10. Kuta za nje ni mita 44, za ndani tuseme 36, jumla 80. Kozi (mistari ya tofali) 12 za kimo cha milimita 225, pamoja na udongo (mchanganyiko wa mchanga na saruji) wa milimita 10 kila kozi, zinakupa urefu wa mita 2.82. Ukitoa milango na madirisha, unabaki na kama mita za mraba 190. Kwa tofali 10 kila mita ya mraba, pamoja na zitakazovunjika, ni tofali 1,900. Mwashi mzuri mwenye saidia fundi mmoja huweka tofali 80 hadi 120 za inchi sita kwa siku, akiwa anapima kona zake na siyo kukimbiza. Chukua 100: siku-fundi 19.

Sasa plasta. Ukuta una sura mbili, kwa hiyo mita za mraba 380. Fundi mmoja akipiga 12 kwa siku, plasta iliyonyooka na si ya kufuta tu, ni siku-fundi 32. Ni zaidi ya mara moja na nusu ya kujenga, na bado hujagusa pembe za madirisha, ambazo hula muda kuliko zinavyoonekana. Wenye saiti wengi wanahangaika kutafuta mwashi wa kujenga, kumbe atakayewakwamisha ni wa plasta. Huyo mpe nafasi yake wiki tatu kabla, siyo siku ukuta unapofika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha).

Ipatanishe hesabu yako na mvua. Mafundi wengi wana mashamba. Kanda yenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hupoteza watu mara mbili kwa mwaka. Dodoma na mikoa ya kusini hupoteza mara moja, kwa muda mrefu zaidi. Ukipaua kabla ya mvua, wale waliobaki wana kazi ya ndani ya kufanya kila siku, na mwenye kazi kila siku haondoki. Ukichelewa kupaua, siku tatu za mvua mfululizo zinatosha kuwatawanya wote.

Punguza kazi inayomtaka fundi

Kabla ya kutafuta watu, irudie ramani na mchoraji wako. Tofali ya milimita 450 na kiungo chake cha 10 inafanya 460. Nusu ni 230. Kipande cha ukuta kati ya dirisha na mlango kikiwa milimita 680, 910 au 1,140, tofali nzima na nusu zinaingia bila kukatwa vipande vya ajabu. Kikiwa 800, kila kozi ina kipande cha kukata, na anayekikata ni yule fundi wako mmoja. Nafasi za madirisha nazo ziwe 930, 1,160 au 1,390, kisha madirisha yachongwe kufuata nafasi hizo.

Ringi za bimu na nguzo zinaweza kununuliwa zikiwa zimekunjwa tayari. Zinaokoa siku nzima, ila nenda na kipimo cha kipenyo mfukoni. Ringi ya dukani inayoitwa ya milimita nane mara nyingi haifiki nane.

Pa kumpata

Anza na duka la vifaa vya ujenzi la mtaa, siyo kijiwe. Muuzaji anajua fundi gani ananunua kila wiki, yupi anarudisha saruji iliyobaki, na yupi amekopa na kuingia mitini. Uliza pia wafyatua tofali. Ukienda kutazama kazi ya mtu, usipelekwe kwenye nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, maana rangi na putti huficha mengi. Taka kuona ukuta ambao haujapigwa plasta.

Mahali pa pili ni chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu. Wanafunzi wanahitaji sehemu za kufanyia mazoezi kwa vitendo. Andika barua kwa mkuu wa chuo ukitaja fani, idadi ya vijana, muda, na jina la fundi atakayewasimamia. Usiombe kumi. Saiti ya nyumba moja inabeba wawili.

Tatu, waulize watu wanaotoka kwenye miradi mikubwa iliyokwisha au inayopunguza watu. Wamezoea usalama kazini na michoro, lakini wengi walifanya kitu kimoja tu kwa miaka: fomu (mbao za kumwagia zege) tu, au kufunga nondo tu. Usimpe aliyefunga nondo za bwawa kazi ya kupiga plasta kwa sababu ya barua yake ya utumishi.

Na nne, fungua mlango kwa wanawake. Vigae, rangi, kumalizia plasta na kusuka nondo ni kazi ambazo wanawake waliosomea wapo na wanaachwa nje kwa jambo la kipuuzi: saiti haina choo chenye kitasa. Mabati sita, shimo na ndoo ya maji vinagharimu kidogo kuliko wiki moja ya kusubiri fundi.

Jaribio la nusu siku

Maneno ya fundi hayapimiki, ukuta unapimika. Mpe kila mwashi jaribio lile lile, na umlipe nusu siku hata akishindwa. Asiyelipwa kwa jaribio hatarudi, na atawaambia wenzake.

Unahitaji tofali 30, uzi, timazi, pimamaji, mwiko, tepu, na rula ya alumini ya mita 2. Udongo wa jaribio uwe mchanga na saruji kidogo sana, sehemu 1 kwa 12, ili jioni ubomoe na kusafisha tofali zako. Mwambie ajenge kona yenye umbo la L, tofali tatu kila upande, kozi tano, kwa saa tatu.

Mtazame nusu saa ya kwanza kuliko ya mwisho. Fundi wa kweli hapakui udongo kwanza. Anapanga kozi ya kwanza kavu, anapima pembe mraba, anaweka alama, ndipo anachanganya. Anapima kona kila kozi, siyo akifika juu. Angalia anavyozifanyia tofali maji: za kuchoma ni lazima ziloweshwe, la sivyo zinanyonya maji ya udongo kabla haujashika. Za saruji hurushiwa kidogo tu jua likiwa kali. Anayeziloweka chapachapa anakujengea nyufa, kwa sababu zikikauka zinasinyaa zikiwa tayari ukutani.

Akimaliza, pima mwenyewe:

1. Timazi kwenye kona na kwenye ncha mbili za L. Kupotoka kusizidi milimita 5 kutoka chini hadi juu.
2. Kimo. Kozi tano ni milimita 1,175. Akifika 1,190 viungo vyake ni vinene, na kwa kozi 12 atakuvurugia kimo cha lenta.
3. Pembe mraba. Pima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili. Mshazari uwe 100, pungufu au zaidi ya nusu sentimita tu.
4. Rula juu ya sura ya ukuta. Mwanga usipite zaidi ya milimita 5.
5. Toa tofali moja ya kozi ya nne. Angalia kiungo cha wima. Hapa ndipo wengi wanaanguka: wamepaka udongo mbele tu, ndani pako wazi. Ukuta wa namna hiyo unapitisha maji ya mvua hata ukipigwa plasta.

Kama unaona milimita hizi ni ukali wa bure, rudi kwenye plasta ya nyumba ile ile. Mita za mraba 380 kwa unene wa milimita 15 na mchanganyiko wa 1 kwa 4 zinakula kama mifuko 42 ya saruji. Ukuta ukiwa na mabonde na vilima vya milimita 20, wastani wa plasta unapanda hadi 25, na mifuko inakuwa kama 70. Mifuko 28 ya ziada, pamoja na mita za ujazo nne hivi za mchanga. Hapo bado plasta nene haipigwi mara moja. Ikipigwa mara moja inashuka kwa uzito wake au inapasuka, kwa hiyo inahitaji kupigwa tabaka mbili na siku zaidi za fundi ambaye tayari ni adimu. Mwashi wa bei chee anakula siku za fundi wa plasta.

Kwa fani nyingine jaribio ni fupi.

Msuka nondo: mpe bimu ya milimita 200 kwa 300, ulinzi wa zege (zege linalofunika nondo) milimita 25, ringi za nondo ya nane kila milimita 150, urefu mita 3. Muulize urefu wa kukata ringi na idadi yake. Jibu ni ringi 21, kila moja kama milimita 950 pamoja na ndoano zake. Muulize pia nondo ya milimita 12 anaipishanisha kiasi gani kwenye kiungio. Mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani sentimita 48 hadi 60. Akisema "futi moja inatosha", mshukuru kwa kuja.

Fundi bomba: aunge vipande viwili vya PPR (bomba la plastiki linaloungwa kwa joto) vya milimita 20, kisha ukate kiungo katikati kwa msumeno na kutazama ndani. Mashine iwe nyuzi joto 260, bomba likae humo sekunde 5, liingie kama milimita 14, halafu lishikwe bila kuzungushwa. Aliyechoma sekunde 10 utaona mdomo wa plastiki umejikunja ndani na tundu limebaki nusu. Huyo ndiye anayesababisha bafu la ghorofani kutoa maji ya kudondoka, watu wakailaumu pampu.

Fundi vigae: eneo la mita moja ya mraba lenye mteremko wa sentimita moja kuelekea kwenye tundu la maji. Gonga kila kigae kwa sarafu siku ya pili. Kinacholia tupu hakina gundi chini.

Umeme usijaribu kwa njia hii. Taka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Bila hiyo, hata kama mkono wake ni mzuri, hawezi kukusainia kazi.

Kona kwa fundi, katikati kwa wanafunzi

Sasa una fundi mmoja aliyepita. Kumwacha ajenge ukuta mzima ni kumpoteza. Kazi zake ziwe nne tu: kozi ya kwanza, kona, pembe za milango na madirisha, na kupima.

Asubuhi anapandisha kona mbili za ukuta kwa kozi nne, anafunga uzi. Vijana wawili wanajaza katikati wakifuata uzi, wakati yeye anahamia ukuta unaofuata. Saidia fundi mmoja anachanganya, mwingine anasogeza tofali na udongo. Kwa mpangilio huu fundi mmoja na wanafunzi wawili wanaweka tofali 200 na zaidi kwa siku vijana wakishazoea. Wiki mbili za kwanza tegemea 130. Usiongeze kijana wa tatu. Fundi hawezi kutazama nyuzi tatu, na wa tatu ndiye atakayeusukuma uzi kwa tofali zake bila mtu kuona. Tofali lisiguse uzi kamwe. Liache upenyo wa kama unene wa kadi ya simu. Likigusa moja, lililofuata linafuata kosa, na ukuta unatoka tumbo.

Kozi ya kwanza asipewe mwanafunzi, hata akiomba, hata fundi akiwa amechelewa. Kosa la milimita kumi pale chini linafuatana nawe hadi kwenye kenchi (mbao za paa).

Plasta inagawanyika vizuri zaidi. Fundi anabandika vipande vidogo vya plasta ukutani kila mita moja na nusu hivi, anavipima kwa uzi na timazi hadi vyote viwe sura moja, kisha anaviunganisha kwa mikanda ya wima yenye upana wa kiganja. Hiyo ndiyo akili yote ya plasta. Vikishashika, wanafunzi wanarusha udongo kati ya mikanda na kuukata kwa rula inayotembea juu ya mikanda hiyo. Hawawezi kukosea unene hata wakitaka. Fundi anarudi kumalizia kwa ubao na sponji. Akifanya hivi siku yake ya mita 12 inakuwa mita 25 hadi 30 za kikundi, na hapo kile kikwazo tulichokihesabu mwanzo kinapungua nusu.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni mchanganyiko. Watu wanapima mchanga kwa koleo, na koleo la asubuhi siyo koleo la saa tisa. Tumia ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa mdomoni. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo 1 kwa 4 ni ndoo 7 za mchanga kwa mfuko, 1 kwa 6 ni ndoo 10 na nusu. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, hata kwa robo. Baada ya manyunyu ongeza kidogo, la sivyo unatumia saruji nyingi kuliko ulivyodhani. Udongo uishe ndani ya saa moja na nusu. Ulioanza kushika ukiongezewa maji unaonekana umefufuka, lakini nguvu imekwenda.

Hatua za mwanafunzi

Usipandishe mtu kwa miezi, mpandishe kwa kipimo. Andika kwenye daftari la saiti, jina, tarehe, na nani alipima.

Hatua ya kwanza ni kuchanganya. Amepita akitoa michanganyiko mitatu mfululizo yenye uzito ule ule wa mkono bila kukumbushwa ndoo ngapi. Hatua ya pili ni kujaza kwa uzi: kozi nne za mita 3, rula ya mita 2 isionyeshe upenyo wa zaidi ya milimita 5, na viungo vyote vya wima vimejaa. Hatua ya tatu ni lile lile jaribio la kona, alifanye baada ya saa za kazi kwa udongo wa kubomoa. Ya nne, plasta kati ya mikanda. Ya tano, kuweka mikanda mwenyewe. Kijana aliye makini anafika hatua ya pili ndani ya mwezi na nusu, ya tatu ndani ya miezi minne hadi sita. Ya tano inataka mwaka, na wapo wasiofika. Hao ni wajazaji wazuri, walipwe kama wajazaji wazuri.

Kijana aliye chini ya miaka 18 asipande jukwaa wala kubeba zege. Sheria ya kazi inamzuia kufanya kazi za hatari, na saiti ni mahali pa hatari.

Tatizo kubwa la kufundisha siyo wanafunzi. Ni fundi. Anajua kwamba kijana anayemfundisha leo atachukua kazi mtaani kwa bei ya chini kesho, kwa hiyo anaficha: anaweka mikanda wakati wa chakula, anapima pembe akiwa amewapa mgongo. Kumhubiria hakusaidii. Mlipe. Kila mwanafunzi anayepita hatua ya pili, fundi apate ujira wa siku tatu. Hatua ya tatu, ujira wa siku tano. Iandikwe kwenye makubaliano siku ya kwanza, na ilipwe siku kipimo kinapopita.

Malipo yanayomfanya abaki

Kutwa humlipa mtu kwa kuwapo. Kazi ya jumla, "nyumba nzima nipe milioni kadhaa", humlipa kwa kukimbia. Inayofaa ni kupima: kwa tofali iliyojengwa, kwa mita ya mraba ya plasta, na kupima kwenyewe kufanyike baada ya kazi kukaguliwa.

Bei uipate hivi. Tuseme eneo lako fundi analipwa shilingi 30,000 kwa kutwa na saidia fundi 15,000. Jumla 45,000 gawa kwa tofali 100: shilingi 450 kwa tofali. Plasta: 45,000 gawa kwa mita 12, yaani 3,750 kwa mita ya mraba. Weka namba za kwenu. Ukuta uliopotoka zaidi ya kipimo haupimwi hadi urekebishwe, na hilo lisemwe kabla, si Jumamosi mchana watu wakiwa wamepanga foleni.

Zuia asilimia 10 ya malipo, ukiwa umeeleza tangu mwanzo, na uilipe siku 14 baada ya hatua kuisha. Ukiikalia siku ya kumi na tano, umeshapoteza fundi wa hatua inayofuata. Malipo ya awali yawe nauli na chakula cha wiki, basi. Aliyelipwa nusu kabla ya kuanza ana sababu nusu tu ya kumaliza.

Lipa kwa simu, na tuma na ya kutolea. Shilingi elfu na kitu anayokatwa fundi kila Jumamosi ndiyo anayoisimulia saiti ya jirani, kuliko bei yako ya tofali. Ukiwa na mtu wa kudumu, mwandikie mkataba hata wa ukurasa mmoja: kazi, kipimo, bei, siku ya kulipwa, na saa za kazi. Sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Ziada hulipwa mara moja na nusu.

Zana nazo hushika watu. Mwanafunzi aliyefika hatua ya tatu mpe pimamaji, timazi, mwiko na tepu, mali yake kabisa akifikisha miezi sita. Ukimkata kwenye mshahara kidogo kidogo kwa ajili ya zana hizo hizo, atahesabu kwamba amezinunua, na atakuwa sahihi.

Cheti kwa asiyesoma darasani

Mwashi aliyejifunza kazini anaweza kupimwa na VETA kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anahojiwa, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya wapimaji, na anapewa cheti bila kuanza chuo upya, pale penye upungufu huelekezwa cha kujazia. Wapange wako kwa kundi la fani moja na uulize chuo cha karibu ratiba ya tathmini. Waajiri wanaolipa tozo ya kuendeleza ujuzi tayari wanachangia mfumo huu, ni ajabu wachache wanavyoutumia. Wapo wanaohofia kwamba fundi akipata cheti ataondoka. Ataondoka hata bila cheti ukimlipa vibaya, na akiwa na cheti unaweza kumtaja kwa jina unapoomba kazi inayotaka mafundi wenye sifa.

Kwa saiti za Kenya, mjengo una njia mbili zinazokwenda pamoja: mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na utambuzi wa NCA (mamlaka ya ujenzi) kwa mafundi na wasimamizi wa saiti. Jaribio la kona hapo juu ni maandalizi mazuri ya ule mtihani wa vitendo.

Fundi akiondoka katikati

Itatokea. Siku hiyo hiyo simamisha kazi kwenye ukuta wake. Pima naye kilichojengwa, au mbele ya mtu wa tatu asipokuwepo, na uandike kwa chaki ukutani tarehe na kozi aliyoishia. Piga picha tepu ikiwa imeshika ukuta. Lipa kilichopimwa, toa ile asilimia 10 uliyozuia kwa tarehe yake ile ile, hata kama umekasirika. Mwezi ujao unaweza kumhitaji kwa plasta. Wanafunzi waendelee na kazi isiyotaka kona: kujaza viungo, kumwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa siku saba, kupanga tofali. Fundi mpya asiweke tofali hata moja kabla hajapitisha timazi kwenye kila kona ya mwenzake na kuandika tofauti anazoziona kwenye daftari, kwa sahihi yake. Akianza bila kupima, kona iliyoyumba ni yake.